Pesa za Saruji Si Mapato Yako

Leo nazungumza na fundi wa mjengo aliyejiajiri: mwenye toroli mbili, mashine ya zege ya kukodi, vibarua sita wiki hii na kumi wiki ijayo, na simu moja ambayo ndiyo ofisi yake, ndiyo benki yake, ndiyo kabati lake la mafaili. Wewe unayemjengea mtu nyumba Kitengela, Mtwapa au Kakamega, sogea karibu na redio. Na wewe mwenye ploti unayemlipa fundi huyo, usiondoke, maana nusu ya haya yanakuhusu.

Kwa miaka mingi ushuru wa fundi ulikuwa jambo la Juni. Tarehe 30 inakaribia, unaingia saiba, kijana anakuuliza PIN na nywila, anakujazia sifuri, unamlipa, unarudi saiti. Wengi wenu mmejaza sifuri mwaka baada ya mwaka, na hakuna aliyewauliza. Njia hiyo sasa imezibwa, na imezibwa kwa hatua mbili.

Ya kwanza ni Sheria ya Fedha ya 2023. Ilisema kwamba kuanzia 1 Januari 2024, gharama yoyote ya biashara isiyo na ankara ya eTIMS, yaani ule mfumo wa ankara za kielektroniki wa Mamlaka ya Ushuru ya Kenya (KRA), haikubaliki unapopiga hesabu ya faida yako. Umenunua mabati kweli, umeyapandisha juu ya nyumba, yanaonekana kutoka barabarani. Bila ankara hiyo, kwa macho ya ushuru hukuyanunua. Hatua ya pili ni ya Januari 2026: KRA ilianza kulinganisha unachojaza kwenye ritani na kile ambacho mifumo yake inakijua tayari, yaani ankara za eTIMS, kodi ya zuio waliyokukata wateja, na rekodi za bidhaa zilizoingizwa nchini. Ukijaza sifuri na shule fulani ilikukata asilimia 3 mwezi Machi, mfumo unaona vyote viwili.

Sasa, mafunzo mengi ya eTIMS huanza na simu. Bonyeza hapa, weka PIN pale. Hilo ndilo jepesi kuliko yote. Huduma hiyo inapatikana kwa *222#, hata kwenye kabambe. Inapatikana pia kwenye tovuti na kwenye programu ya simu. Kijana wako wa kidato cha pili atakuonyesha jioni moja. Linalomuumiza fundi liko kwingine kabisa, na sioni likizungumzwa vya kutosha: pesa za watu wengine hupita mkononi mwake, na mfumo unazihesabu kuwa zake.

Tuchukue nyumba moja tuifanyie hesabu. Nimeitunga hesabu hii, lakini kila fundi anayenisikia ataitambua. Umekubaliana na mwenye ploti milioni 2.4, vifaa na leba kwa pamoja. Vifaa vinakula 1,650,000. Vibarua wanakula 450,000. Mwisho wa kazi unabaki na 300,000, na hizo umezihangaikia miezi mitano. Je, wewe umepata shilingi ngapi? Mkeo atakwambia ni 300,000. Simu yako inasema ni milioni 2.4, kwa sababu ndizo zilizoingia.

Na sheria ya ushuru wa mauzo, ile inayoitwa TOT, inakubaliana na simu. TOT inamhusu mfanyabiashara ambaye mauzo yake kwa mwaka yamepita milioni 1 na hayajazidi milioni 25. Tangu Julai 2023 kiwango chake ni asilimia 3, na hutozwa mauzo yote bila kutoa gharama hata moja. Asilimia 3 ya milioni 2.4 ni 72,000. Zitoe kwenye zile 300,000 zako uone: karibu robo ya jasho lako imekwenda, na sehemu kubwa ya ushuru huo ni ushuru wa saruji na mabati ambayo hukuyauza kwa faida. Muuza duka la nguo anaweka faida yake juu ya kila shati. Wewe mfuko wa saruji umemnunulia mwenye nyumba kwa bei ileile ya hadiwea.

Isitoshe, TOT hulipwa kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mteja akikutumia milioni 1 ya kuanzia mwezi Machi, kufikia 20 Aprili unadaiwa 30,000, pengine kabla linta haijamwagwa, na pesa zenyewe zimeshageuka kuwa nondo.

Basi tuishike nyumba ileile kwa njia nyingine. Umechukua leba peke yake. Mwenye ploti analipa hadiwea moja kwa moja, risiti za eTIMS zinatoka kwa PIN yake yeye, na kwako zinaingia 750,000 tu: 450,000 za vibarua na 300,000 zako. Ikiwa hiyo ndiyo kazi yako ya mwaka, hujafika milioni 1, kwa hiyo TOT haikugusi. Unalipa kodi ya mapato ya kawaida juu ya faida. Kwa viwango vya Sheria ya Fedha ya 2023, kodi ya faida ya 300,000 ni 31,800. Unaondoa nafuu ya kila mlipakodi ya 28,800, unabaki kudaiwa 3,000. Nyumba ni ileile, fundi ni yuleyule, jasho ni lilelile. Huku 72,000, huku 3,000.

Najua mtakavyonijibu, na mna haki. Leba peke yake ina taabu zake. Mwenye ploti yuko Doha au Dallas, unampigia simu Jumatatu kwamba saruji imekwisha, anatuma pesa Alhamisi, na siku tatu vibarua wamekaa kivulini wakitarajia kulipwa. Au anamtuma shemeji yake akanunue, shemeji analeta nondo nyembamba kuliko ramani inavyosema, halafu nyumba ikipata ufa anaulizwa fundi. Tena kuna lile punguzo ambalo hadiwea humpa fundi anayenunua kwao kila mara. Ukiacha kununua, limekwenda. Sisemi kila mtu ahamie leba. Nasema uamuzi wa nani ananunua vifaa, ambao mmezoea kuufanya kwa kuangalia urahisi, sasa ni uamuzi wa ushuru, na ufanywe kwenye kotesheni, kabla msingi haujachimbwa.

Kotesheni yenyewe igawanye kazi wazi: vifaa peke yake, leba peke yake, usimamizi wako peke yake. Acheni kuandika "nyumba ya vyumba viwili, milioni 2.4". Kama mteja anahofia kulipa hadiwea mwenyewe, mweleze faida anayopata yeye. Siku akiiuza nyumba hiyo atatozwa asilimia 15 ya faida ya mauzo, kiwango kilichopo tangu Januari 2023, na gharama za ujenzi anazoweza kuzithibitisha hupunguza faida hiyo. Risiti zenye PIN yake ni mali yake. Nimeona wenye nyumba wakilegea mara moja wakielezwa hivyo, hasa walio ng'ambo, ambao siku zote wana wasiwasi pesa zao zimekwenda wapi.

Na kwa fundi anayetaka kuendelea kuchukua vifaa na leba pamoja, sheria imeacha mlango. Unaweza kumwandikia Kamishna wa KRA kwamba hutaki kuwa kwenye TOT, ukatozwa juu ya faida kama wengine. Kwenye ile nyumba yetu, faida ni 300,000 na kodi inarudi kuwa 3,000. Lakini mlango huo una bawabu mkali: kila kifaa kiwe na ankara ya eTIMS. Hapa ndipo tunapofika kwenye lori la mchanga.

Lori linafika alfajiri, kabla askari wa kaunti hawajatoka. Mchanga ni wa Machakos au Kajiado. Dereva hazimi injini. Turnboi anashusha ubao wa nyuma, mzigo unamwagika, na kabla vumbi halijatua umeshatajiwa nambari ya simu ya kutumia pesa. Jina linalotokea kwenye M-Pesa si la dereva wala si la mwenye lori. Ni la mtu usiyemjua. Ujumbe unaingia, lori linaondoka. Umebaki na mchanga mzuri na ujumbe wa simu. Ushahidi wa gharama huna.

Mchanga, kokoto na mawe kwenye nyumba yetu tuseme ni 400,000. Ukikosa ankara za hizo peke yake, KRA inakuhesabu kuwa umepata faida ya 700,000 badala ya 300,000, na kodi yako inaruka kutoka 3,000 hadi 118,600. Naomba uandike mahali. Risiti za hadiwea utazipata, maana hadiwea nyingi sasa zimeunganishwa na mfumo, na kinachotakiwa ni wewe kuitaja PIN yako kabla muuzaji hajapiga risiti. Ukiitaja baadaye, risiti imeshatoka bila mwenyewe. Panapovuja ni kwenye mchanga, kokoto na mawe.

Dawa ipo tangu 27 Desemba 2024, na sijui kwa nini haijatangazwa kwa nguvu kwenye machimbo. Sheria iliyoanza siku hiyo inasema kwamba kwa muuzaji mdogo ambaye mauzo yake hayazidi milioni 5 kwa mwaka, ankara inaweza kutolewa na mnunuzi. Yaani wewe fundi, uliyenunua, unaitengeneza ankara hiyo kwenye eTIMS kwa PIN ya muuzaji, naye anaithibitisha. Kwa hiyo kabla ubao wa lori haujashushwa, uliza mambo matatu: PIN ya mwenye mchanga, jina lake kamili, na nambari ya simu itakayopokea pesa. Andika na nambari ya gari. Jioni yake, usingoje Jumamosi, kaa utengeneze ankara. Muuzaji asiye na PIN ana bei yake ya kweli, na si ile anayokutajia. Mpe mwenye PIN biashara yako hata akiwa juu kwa elfu moja.

Sheria hiyohiyo inakufaa ukiwa upande wa pili. Kama mauzo yako hayafiki milioni 5 na umemfanyia kazi mkandarasi mkubwa, yeye anaweza kukutolea ankara. Usiikubali kwa macho yaliyofumba. Soma kiasi. Ikiwa kazi ni ya 80,000 na ankara inasema 180,000, ukiithibitisha umekubali mapato ambayo hukuyapata.

Tuje kwa vibarua. Mishahara haidaiwi ankara ya eTIMS, na hiyo ni nafuu kubwa kwa mjengo. Lakini lazima uonyeshe ulimlipa nani. Nunua daftari gumu, lile la kurasa zenye mistari, uchore safu: tarehe, jina, nambari ya kitambulisho, kazi aliyofanya siku hiyo, kiwango, jumla, sahihi. Jumamosi mchana lipa kwa simu badala ya noti, ili ujumbe wa malipo ulingane na daftari. Nimeshika daftari la fundi mmoja lenye kurasa zilizogandamana kwa saruji, na bado lilisomeka: "Jumanne, kubeba mawe, 700, 700, 700." Kilichokosekana kilikuwa majina. Mia saba za nani? Daftari lenye majina na vitambulisho lingemwokolea mwenyewe mamia ya maelfu mbele ya mkaguzi.

Angalia mipaka miwili hapa. Fundi wa stima anayechukua kazi yote kwa 60,000 si kibarua wako. Ni mfanyabiashara mwenzako, na gharama yake inahitaji ankara kama ya mchanga. Na kibarua aliyekaa nawe mwezi mzima mfululizo, Sheria ya Ajira ya 2007 haimtazami tena kama kibarua wa siku. Hapo kuna makato ya wafanyakazi, na ukiwa na watu wa aina hiyo tafuta mhasibu ulipe ushauri wa saa moja. Sitaki kulifupisha jambo hilo hewani likakupotosha.

Kodi ya zuio nimeigusa mwanzoni. Kanisa, shule au kampuni ikikupa kazi ya ujenzi ya 24,000 au zaidi, inatakiwa kukukata asilimia 3 na kuiwasilisha KRA. Mafundi wengi huiona kama pesa iliyopotea. Haijapotea, ni kodi yako iliyolipwa mapema, na kuna cheti chake kwenye akaunti yako ya iTax. Ingia uangalie, hata mara moja kwa miezi mitatu. Ukikatwa 30,000, KRA imeshajua ulilipwa milioni 1. Na kama mteja alikukata lakini cheti hakipo, basi pesa hizo zimelala kwake, na umdai angali anakuhitaji kumalizia paa.

Halafu ile simu. Karo ya mtoto, mchango wa harusi, deni la rafiki na pesa za nondo zote zimo kwenye laini moja. Mkaguzi akiomba taarifa ya M-Pesa ya mwaka mzima, wewe ndiye wa kueleza kila shilingi iliyoingia, na hakuna binadamu anayekumbuka 15,000 za Februari iliyopita zilikuwa za nini. Fungua Pochi la Biashara au Till, au chukua laini nyingine kabisa, pesa za kazi ziingie humo tu na zitoke humo tu. Ukitaka kujilipa, jitumie kwenye laini yako ya nyumbani, uandike kwenye daftari. Hili linaweza kufanyika leo kabla ya chakula cha jioni. Rekodi zote hizo, kwa sheria, unatakiwa uzihifadhi miaka 5. Risiti za karatasi hufifia wino, kwa hiyo zipige picha zikiwa mpya.

Kuna shimo moja la mwisho ambalo huwameza mafundi wazuri, wale wanaopata kazi nyingi. Mauzo yako yakifika milioni 5 kwa miezi 12, unatakiwa kusajiliwa kwa VAT, asilimia 16. Nyumba mbili kama ile yetu ni milioni 4.8. Ongeza ukuta wa ua wa 300,000 na umevuka. Mkononi una faida ya kama 600,000 na kitu, lakini sheria inakuweka na wenye maduka makubwa. Bei yako inapanda kwa asilimia 16 mbele ya mteja, na jirani yako asiyesajiliwa anaichukua kazi. VAT ya saruji na mabati utarudishiwa kwa hesabu. Ya mchanga wa muuzaji mdogo na ya jasho la vibarua haipo ya kurudishwa. Mafundi wa leba wanaweza kujenga nyumba sita kwa mwaka wasiufikie mstari huo. Wa vifaa na leba wanaufikia na nyumba mbili na ukuta wa ua. Ndiyo maana nasema piga hesabu hii Januari, ukiwa na kazi za mwaka mbele yako, usiipige Novemba.

Na sasa nigeukie wakubwa wa Hazina na KRA, maana haya siyo ya fundi peke yake. Mfumo wa eTIMS unaona hadiwea ilipomuuzia fundi mifuko 300 ya saruji kwa PIN yake. Unaona tarehe, bei, na VAT iliyolipwa. Kama mashine inaweza kumnasa fundi aliyejaza sifuri, mashine hiyohiyo inaweza kumtolea vifaa hivyo kwenye TOT, akatozwa kwa kile kilichobaki mkononi mwake. Taarifa tayari mnazo. Kumtoza mtu asilimia 3 ya saruji ambayo mfumo wenyewe unajua aliinunua kwa bei kamili na kuipachika kwenye ukuta wa mtu mwingine ni dhuluma, na ni kumsukuma arudi kwenye pesa taslimu na sifuri ya Juni, mahali ambapo serikali inasema inataka atoke.

Mafundi nanyi msiniachie mimi kulisema hili redioni. Mswada wa Fedha hufika Bungeni kila mwaka kufikia mwisho wa Aprili, na Kamati ya Fedha na Mipango ya Kitaifa hupokea maoni ya wananchi, kwa maandishi na ana kwa ana, kabla sheria haijapitishwa mwisho wa Juni. Wahasibu wakubwa huenda. Mabenki huenda. Chama cha mafundi wa mtaa, hata kile cha kuchangiana mazishi, kinaweza kuandika ukurasa mmoja wenye hesabu ya nyumba moja: zilizoingia, za vifaa, za vibarua, zilizobaki, na TOT inayodaiwa. Wekeni sahihi na nambari za vitambulisho. Mpigieni mbunge wenu mumwambie mmeipeleka, na siku ya kikao nendeni watu watatu mkaieleze kwa midomo yenu.